Kumbe yupo panya anayelala kwake kila siku!

  

Wiki hii nina barua ya dada mmoja ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu mnazozijua. Dada huyu ana miaka sita ya ndoa na watoto wawili, na anasema mumewe siku hizi anaingia nyumbani kama mpangaji. Akiulizwa alikuwa wapi, hagombi wala hakani. Anajibu kwa upole, tena huku anavua viatu: "Mama watoto, dume ni dume. Umeona wapi jogoo mwenye mtetea mmoja? Umeona wapi beberu wa mbuzi mmoja? Viumbe vyote vya kiume ndivyo vilivyoumbwa." Baada ya hapo anageukia ukutani na kukoroma. Dada ana swali moja tu: hivi ni kweli duniani hakuna dume hata mmoja anayetulia na mke wake?

Jamani, hilo si swali la kitoto. Najua vijiweni huko mna jibu lenu tayari, na najua linatolewa kwa sauti ya juu kuliko redio. Mimi elimu yangu ni ya kidato cha nne, na biolojia yenyewe niliipendea michoro. Lakini swali la dada lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma hapa na pale, nikakutana na kijamaa kimoja cha gramu 40 hivi ambacho kimewasumbua maprofesa kwa zaidi ya miaka 40. Ni panya. Tulia, usicheke bado.

Kiswahili chetu hakina jina la mnyama huyu kwa sababu hajawahi kukaa kwetu. Wenyewe humwita voli, na huyu ninayemsema ni voli wa prairi, yaani zile mbuga za nyasi za katikati ya Marekani na kusini mwa Kanada. Jina lake la kisayansi ni Microtus ochrogaster, na hilo neno la pili linamaanisha mwenye tumbo la rangi ya udongo wa njano. Ukikutana naye utadhani ni panya aliyenenepa halafu akakatwa mkia. Kutoka puani mpaka ncha ya mkia ni kama sentimita 15, na katika hizo mkia wenyewe ni sentimita 3 au 4 tu. Pua butu, masikio yamezama kwenye manyoya, rangi kahawia iliyochanganyika na mvi. Kwa sura, hapati hata namba ya mwisho kwenye mashindano ya urembo.

Anapatikana kuanzia Alberta kule Kanada mpaka Oklahoma, na upande wa mashariki anafika West Virginia. Mbuga alizozaliwa nazo babu zake zimelimwa karibu zote. Jimbo la Illinois, ambalo zamani lilikuwa bahari ya nyasi, leo ni mahindi na soya kwa kwenda mbele. Jamaa hakususa. Alihamia kwenye mashamba ya lusini, yale majani ya kulishia ng'ombe wa maziwa, na kwenye nyasi za kandokando ya barabara. Ila si wote waliosalimika: ndugu zao waliokuwa Louisiana na Texas, kundi lenye jina lake la kitaalamu, hawaonekani tena.

Huko kwenye nyasi anajitengenezea vichochoro vyembamba, anavikata kwa meno na kuvisafisha kila siku, na chini ya ardhi anachimba vyumba. Kimoja cha kulala, kilichotandikwa nyasi kavu, kingine ghala la chakula. Anakula majani, mizizi, mbegu na klova, na baridi ikikaza anatafuna magome ya miti, ndiyo maana wenye bustani za matunda hawataki hata kumsikia. Na yeye analiwa na kila mwenye njaa: nyoka, bundi, mwewe, mbweha, kicheche, paka wa jirani. Hakuna usiku wa amani.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Mwaka 1972 Profesa Lowell Getz wa Chuo Kikuu cha Illinois alianza kutega voli ili kujua kwa nini miaka mingine wanafurika na miaka mingine wanapotea. Aliwatega akiwa na chambo cha mahindi, akawawekea alama, akawaachia, kesho akatega tena. Kazi hiyo aliiendesha kwa miaka 25. Wanyama wa aina hii kwa kawaida kila mmoja hunaswa kivyake. Lakini huyu wa prairi alikuwa na kituko: mzee anafungua mtego anakuta wawili, dume na jike. Anawaachia. Baada ya muda anafungua mtego mwingine anawakuta wale wale wawili! Binamu yao aitwaye Microtus pennsylvanicus, anayependa nyasi mbichi za penye unyevu, hakuwa na tabia hiyo hata kidogo. Yeye dume lake ni la kupita tu, kama daladala isiyo na kituo.

Getz akaamua kufanya upelelezi. Akachukua jozi 12 alizokuwa akizinasa pamoja, akawavisha vikola vyenye redio ndogo ili ajue kila mmoja analala wapi. Jozi 11 akazikuta zinaishi pamoja chini ya ardhi, mke na mume, shimo moja. Jozi ya 12, wapenzi wasomaji, dume lilikuwa na mke wake kwingine na jike lilikuwa na mume wake kwingine. Yaani profesa wa watu alikuwa amefumania bila kujijua! Fumanizi la mtego wa mahindi. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Mzee akamfuata mwenzake hapo hapo chuoni, mwanamama Sue Carter, aliyekuwa akichunguza homoni za hamsta. Hamsta ni kiumbe mwingine kabisa: jike lake likishamaliza haja yake na dume, humgeukia kwa meno, na dume asiyekuwa na mbio anaweza kupoteza maisha. Mtu aliyezoea kuangalia ndoa za namna hiyo akiletewa panya wanaolala wamekumbatiana, lazima ashangae. Basi wakaanza kuwachunguza maabara, na yaliyotoka humo ndiyo yaliyomfanya voli awe maarufu.

La kwanza, jike. Binti wa voli huyu hapati joto kwa kalenda kama wanyama wengine. Akikaa nyumbani kwao na baba yake na kaka zake anaweza kukaa hivyo hivyo bila mwili kuamka. Mpaka apite dume mgeni, binti anuse mkojo wake, ndipo mwili unaanza kujiandaa, na baada ya siku moja au mbili yuko tayari. Wakishakubaliana, si mchezo. Wanaweza kuendelea siku nzima na zaidi, wakipumzika na kurudia. Mhariri kanikonyeza niishie hapo, naishia.

La pili, dume, na hapa ndipo ninapowataka kina baba msogee karibu. Kabla ya kupata mke, dume huyu ni mpole kwa kila mtu. Akishakaa na jike lake siku hiyo moja, anabadilika. Mgeni yeyote akisogea, awe dume au hata jike, anarukiwa na kung'atwa. Mke wake tu ndiye anayeguswa kwa upole. Mwaka 1993 Carter na wenzake, akiwemo Thomas Insel, walieleza kwenye jarida la Nature kwamba kazi hiyo inafanywa na homoni iitwayo vasopresini. Dume akizuiwa homoni hiyo isifanye kazi kichwani, mapenzi ya pekee hayaji na ule ukali dhidi ya wageni hauji pia. Kwa majike wakaona homoni nyingine, oksitosini, ile ile inayosaidia mama kujifungua na kutoa maziwa, nayo ina mkono wake kwenye kumshika mwenzi.

Mtaniuliza, mapenzi ya panya yanapimwaje? Kuna banda la vyumba vitatu. Chumba kimoja amefungwa mwenzi wake, chumba cha mwisho amefungwa mgeni mzuri tu, katikati hamna mtu. Anayepimwa anaachiwa azunguke kwa saa 3. Voli wa prairi kwa kawaida atakwenda kumsabahi mgeni, atamnusa (panya naye ni binadamu jamani), halafu atarudi kujikunyata ubavuni mwa mwenzi wake. Binamu yake wa nyasi mbichi yeye hana habari na yeyote, anaenda kulala peke yake.

Mwaka 2004 kikundi cha Larry Young wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, kilifanya jambo lililozua kelele. Walichukua madume ya yule binamu asiyetulia, wakayaongezea vipokezi vya vasopresini kwenye sehemu moja ya ubongo kwa kutumia jeni ya voli wa prairi. Madume yakaanza kujikunyata na mke mmoja! Magazeti ya Ulaya na Marekani yakashangilia: dawa ya wanaume imepatikana. Najua wapo wasomaji wa kike ambao hapa wameshaanza kuuliza bei. Poleni. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka 2023 watafiti wa California walitoa voli wa prairi waliozaliwa bila kipokezi cha oksitosini kabisa, kile ambacho miaka yote ilisemwa bila chenyewe hamna ndoa, na wale voli wakaoana kama kawaida. Kwa hiyo anayekuuzia chupa ya homoni ya kumtuliza mume, mwambie akamjaribu kwanza mume wake.

Mimi binafsi yaliyonigusa zaidi si ya maabara, ni ya chumbani kule shimoni. Mimba ya voli ni siku 21. Wanazaliwa watatu, wanne, watano, wakiwa uchi na macho yamefungwa. Na mama anaweza kupata mimba nyingine mara tu baada ya kujifungua, kwa hiyo ananyonyesha wa leo huku amebeba wa kesho. Hapo dume hafanyi safari. Anatengeneza kitanda cha nyasi, analala juu ya watoto kuwapa joto mama akitoka kula, anawalamba kuwasafisha, na mtoto akitambaa nje ya kiota baba anamrudisha. Ukitoa kunyonyesha, hakuna kazi ya ulezi asiyoifanya. Watoto wengi nao wakikua hubaki hapo hapo kwa wazazi, wakisaidia kulea wadogo zao, na mabinti, kama nilivyosema, miili yao inasubiri harufu ya mgeni.

Wataalamu wanaeleza kwa nini ikawa hivi, na sababu zao si za uchamungu. Nyasi za prairi hazina lishe nyingi na chakula kimetawanyika, hivyo majike nayo yametawanyika. Dume akianza kula mingo kutafuta jike la pili atapoteza muda mwingi, na njiani kuna bundi. Wakati huo watoto aliowaacha wanaganda kwa baridi. Kukaa kunamlipa. Binamu yake anaishi penye majani tele, mama anaweza kulea peke yake, na dume akaona hana sababu ya kukaa. Katika wanyama wote wanaonyonyesha, aina zinazoishi mke na mume namna hii hazifiki hata asilimia 10.

Sasa turudi kwenye lile fumanizi, maana sitaki dada aende kumbishia mumewe na nusu ya habari. Vipimo vya vinasaba vilipokuja, vilionyesha kwamba shimoni kunalelewa pia watoto ambao si wa baba wa nyumba. Majike yanatoka, madume yanatoka. Na si kila dume ana nyumba: wapo wazururaji wasiooa, wanaokatiza kwenye maeneo ya watu wakitafuta bahati. Ndiyo maana siku hizi wataalamu wanatenganisha mambo mawili, kuishi pamoja na kulea pamoja ni jambo moja, uaminifu wa kitandani ni jambo lingine. Voli wa prairi kwenye la kwanza anapata alama za juu, la pili anapata za kufaulia. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walitoa habari nyingine ya kuchekesha. Madume yanayozaa nje ya ndoa yalikuwa na vipokezi vichache vya vasopresini kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu ya mahali. Wanahisi jamaa hawa wanasahau haraka ni kwenye uwanja wa nani walipigwa juzi, ndiyo maana wanarudi tena.

Kwa hiyo dada yangu, jibu lako ni hili. Dume anayetulia yupo, nimekutajia na anapoishi. Si malaika, lakini hata anayetoka nje anarudi kulala kwake, anawapa joto watoto na kutengeneza kitanda. Shemeji akisema dume ndivyo alivyoumbwa, muulize dume yupi, maana kuna madume wa kila aina na yeye kachagua wa kumfaa. Na kuhusu huyo jogoo wake: jogoo akiona punje chini huita mitetea ije ile. Shemeji mshahara ukitoka, huwa anaita?

Kuna la pombe pia, na hili nalitoa bila nyongeza kwa sababu halihitaji. Voli wa prairi ni miongoni mwa panya wachache wanaokunywa kilevi kwa hiari yao, na wawili wakiwekwa pamoja hunywa kwa kuigana, huyu akizidisha na yule anazidisha. Mwaka 2014 watafiti wa Oregon waliwapa kilevi voli wa kiume na wa kike waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza uchumba, halafu wakawapima kwenye lile banda la vyumba vitatu. Majike waliokunywa walizidi kuwang'ang'ania wenzi wao. Madume waliokunywa, ule upendeleo kwa mwenzi ukapungua. Kilevi ni kile kile, matokeo yakapishana. Wenye glosari msinichukie.

Lililobaki ni la msiba. Mwaka 2009 Oliver Bosch wa Ujerumani, akiwa na Young, alitenganisha madume na wake zao, na mengine akayatenganisha na ndugu zao wa kiume. Baada ya siku chache kila mmoja aliwekwa kwenye maji. Waliotengwa na ndugu walipiga mbizi kuhangaika kutoka. Waliotengwa na wake walielea tu, kama mtu asiyejali litakalotokea. Wakipewa dawa ya kuzuia homoni ya msongo, walianza tena kuhangaika. Kiswahili tungesema wamenyong'onyea. Na mwaka 2016 ikaonekana pia kwamba mmoja akirudi akiwa ametishwa, mwenzake aliyebaki nyumbani, ambaye hakuona chochote, humpokea kwa kumlamba na kumsafisha kwa muda mrefu kuliko kawaida. Yule binamu wa nyasi mbichi hafanyi hivyo.

Kule shambani Illinois wachache sana wanafikisha mwaka mmoja. Ndoa nyingi ni za wiki kadhaa, halafu usiku mmoja bundi anapita au nyoka anaingia kichochoroni. Getz aliwafuatilia waliobaki. Wengi hawakuchukua mwenzi mwingine. Sidhani kama waliweka nadhiri. Wengi wao na wao walikuwa wamebakiza siku chache.